Wezi wa Marando

Ng'washi alikuja Kasoli bado msichana, ameolewa kutoka Nassa, ziwani, ambako samaki hupatikana hata siku ambayo unga haupo. Mume wake, Jilala, alikuwa mkulima wa pamba kama baba yake kabla yake. Kitu cha kwanza alichokabidhiwa na mama mkwe wake hakikuwa chungu wala kinu. Kilikuwa kipande cha ardhi chini ya tuta la lambo, mahali ambapo maji huchuja polepole kutoka upande wa pili na udongo haukauki kabisa hata mwezi wa kumi. Hakikuwa kikubwa. Kilizungushiwa minyaa na matawi ya miiba ili mifugo isiingie, na ndani yake marando ya viazi vitamu yalikuwa yametambaa, yamepandana, mabichi kabisa wakati nje ya boma nchi nzima ilikuwa rangi ya majivu.

"Hapa ndipo kijiji kinapolaza viazi vyake wakati wa kiangazi," mama mkwe, Kwandu, alimwambia. "Mimi mgongo umechoka. Sasa ni pako."

Ilimchukua Ng'washi misimu kadhaa kuelewa alichopewa. Kiangazi kikishika, marando ya mashamba ya juu yote hukauka. Mvua za kwanza zikinyesha, wanawake huwa na matuta tayari lakini hawana cha kupanda. Hapo ndipo huja kwenye lile bonde, kila mmoja na kisu chake na kamba yake. Hawabishani bei kwa sababu bei haipo. Anayekuja husema, "Mayu," yaani mama, "nimekuja kuchukua," na mwenye bonde hujibu, "Chukua." Basi. Na mwaka ambao bonde lilivamiwa na wadudu au ng'ombe walivunja boma, wanawake walewale walileta marando yaliyosalia kwao, pembezoni mwa bafu, nyuma ya jiko, wakayapanda tena pale. Ndiyo maana aina zote zilikuwemo: sinia ya Felisita, jirani wa karibu, polista ya wake za Mzee Nkwabi, na ile nyekundu ya maganda magumu ambayo Kwandu mwenyewe alikuja nayo alipoolewa.

Ng'washi hakuwa mtu wa maneno mengi. Kanisani alikaa nyuma, na kwenye vikao vya wanawake alikuwa ndiye anayechochea moto. Lakini mvua za kwanza zikinyesha, watu walimjia yeye. Kwa siku zile chache alikuwa mtu.

Kisha ikaja ruksa ya biashara.

Zamani pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja, chama cha ushirika. Unapeleka, unapimiwa, unapewa karatasi, unarudi nyumbani kusubiri. Jilala alikuwa amesubiri sana maishani mwake. Baba yake alikufa akisubiri. Kwa hiyo magari ya wanunuzi binafsi yalipoanza kuingia Kasoli, kila kampuni na mzani wake, na fedha zikawa zinatoka palepale pamba inapotoka mzanini, mtu ambaye Ng'washi alimjua kuwa mpole na mwenye tahadhari aligeuka. Alirudi siku moja na baiskeli. Msimu uliofuata nyumba ikaezekwa bati. Akaacha kulima mtama. Akaacha na uwele. Pamba ikashuka kutoka shamba la juu, ikavuka njia, ikafika karibu na mlango wa jiko, mpaka mtu akitoka nje asubuhi alikutana nayo kama mgeni asiyeaga.

"Na chakula?" Ng'washi aliuliza.

"Unga tutanunua. Sasa ni soko huria, Mama Lucy. Mwenye pesa hafi njaa."

Mwaka ule wa kwanza wa pamba tupu, pesa ziliisha kabla ya Krismasi. Ilipofika Februari, kila nyumba Kasoli ilikuwa imelima kama Jilala na kila nyumba ilikuwa inatafuta unga uleule, na malori ya mahindi yalipita kwenda kwa watu wenye pesa zaidi. Kihenge kilikuwa kitupu hata panya walihama. Ng'washi alimbeba mwanawe Lucy mgongoni, akaenda kwao Nassa.

Kaka yake, Mhoja, alimpokea vizuri. Jenipha, mke wa Mhoja, alikuwa mjamzito. Aliwapikia sato na kuwawekea chakula bila kuuliza kitu. Walipokwisha kula Mhoja akasema, "Dada, umekuja kusalimia?"

"Nimekuja kukaa."

Mhoja alichokonoa meno kwa kijiti. Halafu akasema kwa sauti ya chini ili mke wake asisikie, "Ng'ombe za mahari alizotoa Jilala ndizo zilizomleta huyu. Ziko kwao, Mkula, na zimeshazaa. Ukikaa hapa, Jilala atazidai. Niambie mwenyewe, nitazitoa wapi? Nimrudishe Jenipha kwao na hilo tumbo?"

Ng'washi alimtazama Jenipha, aliyekuwa ameinama anasugua sufuria kwa majivu. Alikuwa mwanamke mwema. Hilo ndilo lililokuwa baya. Kama angekuwa mkorofi, labda ingewezekana.

Kesho yake Mhoja alimsindikiza hadi Lamadi, akamfungia dagaa kwenye gazeti, akasimama kando ya barabara anapunga mkono mpaka gari likapotea. Ng'washi alirudi Kasoli. Jilala hakumuuliza alikotoka. Alisema tu, "Palizi inakusubiri."

Tangu hapo alijua urefu wa kamba yake. Alikuwa na bonde, na pembeni ya bonde matuta machache aliyoyainua mwenyewe kwa jembe la mkono, yasiyozidi upana wa nyumba. Viazi vilivyotoka pale alivimenya, akavikata vipande, akavianika juu ya majabali mpaka vikawa michembe mikavu inayogongana kama vigae. Michembe ile aliitia kwenye chungu kikubwa, akakiziba kwa udongo, akakificha nyuma ya kuni. Hakumwambia mtu. Ilikuwa ni ya Februari.

Ikapita miaka miwili hivyo. Halafu siku moja ya mwezi wa kumi alikuja Fredrick.

Fredrick alikuwa wakala wa moja ya zile kampuni za pamba. Alikuja kwa pikipiki, miwani imepanda juu ya kipaji, akakaribishwa kigoda na uji. Alikuwa kijana mchangamfu, wala si mtu mbaya. Aliwatania watoto, akamsifu Kwandu kwamba hazeeki. Alipokuwa akinywa uji macho yake yalishuka hadi lambo, yakakuta ile kijani.

"Baba Lucy, kile ni nini kule?"

"Marando. Shamba la mama watoto."

"Kiangazi hiki? Mzee, umelalia mali! Bariadi mjini watu wanatafuta marando kama dawa. Mvua ikigusa tu, fungu moja linapiganiwa. Mnauza kwa nani?"

"Hatuuzi. Wanawake wanakuja kuchukua."

"Bure?"

"Ndivyo walivyozoea."

Fredrick akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mazoea hayo ni ya enzi ya foleni ya sukari! Leo hii hata kivuli kina bei. Uza, wanunuzi nitawaleta mimi. Mimi nikikupa dawa ya pamba bure, kampuni itanifanya nini?"

Jilala naye alicheka, lakini Ng'washi, aliyekuwa nyuma ya ukuta wa jiko, alisikia jinsi kicheko kile kilivyokatika upesi. Mume wake alikuwa ameona haya. Alijiona mshamba mbele ya kijana.

Wakala alipoondoka, Jilala alishuka bondeni, akalizunguka boma lote, mikono nyuma. Aliporudi alisema, "Mwaka huu utauza marando."

"Baba Lucy, marando hayauzwi."

"Nani amekataza? Serikali? Kanisa?"

Ng'washi alifikiri. Kweli, hakuna aliyekataza. Alikuwa na hakika kabisa ya jambo hilo na hakuwa na mtu wa kumtaja.

"Hayauzwi tu," alisema.

"Basi kama hayauzwi hayana kazi. Chagua. Ama uuze, ama nang'oa boma na kulima pale pamba. Udongo mweusi ule, pamba itanifika begani." Akatazama mikono yake. "Sisi siyo shirika la misaada."

Ng'washi aliyapima maneno yale huku na huku, akakuta yamefungwa pande zote. Akiuza, wanawake hawatakuja tena. Watu hawarudishi kitu walichonunua, na mwaka ambao bonde lake litakauka hakuna atakayemletea hata kipande. Asipouza, bonde lenyewe halitakuwepo. Akikataa kwa nguvu, atakwenda wapi?

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku, ikaacha harufu ya vumbi lililolowa. Asubuhi Jilala alikuwa wa kwanza kufika bondeni. Aliweka kigoda kwenye uwazi wa boma, akakaa. Ng'washi alisimama nyuma yake kama mtoto aliyeadhibiwa.

Felisita alitokea na kisu na kamba, anatembea haraka kama kawaida yake. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya lambo.

"Mwangaluka!" alisalimia. "Naona mwaka huu kuna mlinzi. Mayu, nimekuja kuchukua."

Ng'washi alifungua mdomo. Jilala akamtangulia. "Siku hizi tunauza, shemeji."

Felisita akaangua kicheko. "Shemeji kaanza utani kabla ya uji! Na maji ya lambo utayauza lini, tulete vikombe?"

"Sitanii."

Kicheko kikafa. Felisita alimtazama Ng'washi, akangoja neno. Ng'washi alitazama chini, kwenye tope lililokuwa linapenya kati ya vidole vyake.

"Haya," Felisita alisema hatimaye. Akajifunga kamba yake kiunoni, akageuka.

Siku ile hawakuja wengine. Habari ilikuwa imepita. Wala mtu wa Bariadi mjini hakuja, maana Fredrick alikuwa amesema atawaleta na Fredrick alikuwa ameshasahau. Marando yalikaa pale, yanazidi kurefuka, na matuta ya watu yakakaa wazi yakinyeshewa.

Lamboni ikawa mateso. Wanawake hawakumtukana. Walimsogezea ndoo, walimpa zamu yake. Ila mmoja akisema, "Mwangaluka, mama soko huria," wengine wote walikuta kitu cha kutazama ndani ya maji. Ng'washi aliitikia salamu, akajitwika ndoo, akapanda kilima akisikia maji yanampiga shingoni.

Siku ya tatu alimvizia Felisita njiani.

"Kesho ni mnada," alimwambia. "Baba Lucy atakwenda kuuza dume. Mimi nitakuwa nyumbani napepeta. Nikipepeta huwa sioni mbali."

Felisita alimtazama muda. Kisha mashavu yake yakaanza kutikisika. "Yaani unatutuma wizi?"

"Sijamtuma mtu."

"Hujamtuma mtu," Felisita alikubali, na akaenda zake akijiziba mdomo kwa kitenge.

Siku ya mnada Ng'washi alipepeta karanga zilezile mara nyingi mpaka Kwandu akamuuliza kama anazifundisha kuruka. Wanawake walishuka lamboni mmojammoja na ndoo, wakapanda mmojammoja na ndoo, na ndoo zao zilifunikwa majani ambayo hayakuwa ya kuzuia maji yasimwagike. Alipata raha ambayo hakuipata tangu kiangazi. Ilikuwa raha ya mtu aliyefungwa akisikia wengine wanacheza nje.

Jilala aliporudi jioni alikwenda kwanza bondeni. Alirudi ameshika rando lililokatwa, utomvu mweupe umeganda kwenye ncha.

"Nani ameingia?"

"Labda mbuzi."

"Mbuzi wa Kasoli siku hizi wanatembea na visu?"

Ng'washi alimtengea chakula. Jilala hakuendelea. Alikula, akalala. Lakini kulipoanza kupambazuka alichukua filimbi yake ya ulinzi wa sungusungu na rungu, akamwambia, "Leo wewe kaa hapa jikoni, nikuone kutoka kule. Ukitoka nitajua." Akashuka, akajibanza nyuma ya minyaa.

Hapo ndipo Ng'washi alipoona mtego ulivyo. Kulikuwa kumepambazuka vizuri alipomwona Felisita anatoka kwake na ndoo. Nyuma ya Felisita, taratibu, kwa fimbo, alikuwa anateremka Kwandu. Mama mkwe wake mwenyewe. Kwandu hakupata zamu jana kwa ajili ya wingi wa watu.

Angeweza kuita. Neno moja tu, hata kumwita Lucy kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Lakini Jilala angejua, na angejua yote. Aliketi na mwiko mkononi, uji unachemka mpaka ukamwagika motoni, na akawatazama wanawake wawili wakiingia ndani ya boma.

Filimbi ikalia. Kisha Jilala akapiga mwano.

Mwano si kelele za mchezo. Ni mlio wa koo ambao kila mwanamume wa Kisukuma akiusikia anaacha alichoshika, hata kama ni kijiko. Ng'ombe wameibwa, au mtu ameuawa. Mwano ule ulidakwa kilima cha pili, ukadakwa cha tatu, na kabla uji haujapoa wanaume walikuwa wanamiminika na pinde na mishale na mikuki, wengine kifua wazi, mmoja amevaa shuka la mke wake. Mbele yao alikuwa Mzee Nkwabi, mtemi wa sungusungu, mwenye kitambi, anahema kama mvukuto.

"Ng'ombe wameelekea wapi?" aliuliza kabla hajasimama.

"Siyo ng'ombe, mtemi."

"Nani ameuawa?"

"Hakuna aliyeuawa."

Nkwabi aliweka kitako cha mkuki chini, akaegemea. "Jilala. Nimeacha jino langu katikati ya kung'olewa. Ni nini?"

"Wezi. Nimewakamata. Wameniibia marando."

Wanaume walitazamana. Mtu mmoja nyuma aliuliza, "Amesema nini?" na mwingine akamjibu, "Marando," na yule akasema, "Marando gani?"

Ndani ya boma, Felisita alikuwa amesimama, kisu mkononi, hajui acheke au alie. Kwandu yeye hakuacha kazi. Alikuwa anaendelea kufunga fungu lake.

"Huyu ndiye mwizi?" Nkwabi aliuliza. "Huyu aliyekuzaa?"

"Na huyu mwingine," alisema Jilala, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Nimeiba," Kwandu alisema bila kuinua kichwa. "Nimeiba rando nililokuja nalo kwa baba yako kabla wewe hujaota meno. Nifungeni."

Watu wakacheka. Nkwabi alinyanyua mkono wakanyamaza. Pamoja na kitambi na jino lake alikuwa mtemi, na mwano ulikuwa umepigwa, lazima uamuliwe. Mwizi akithibitishwa, sungusungu walimtenga: hakuna wa kumpa moto, hakuna wa kumzikia mtu. Na mwano ukiwa wa bure, aliyeupiga aliwalisha wote walioitika, palepale, washibe. Aliamuru mwenye bonde aitwe.

Ng'washi alishuka kilima akiwa bado ameshika mwiko. Alisimamishwa katikati. Hakuwa amewahi kusimama mbele ya wanaume wengi namna ile tangu siku ya harusi yake.

"Mama Lucy," Nkwabi alisema, "bonde ni lako, tunajua. Watu hawa wamekuibia au hawajakuibia?"

Jilala alikuwa anamtazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anamsihi. Ng'washi hakuwahi kumwona hivyo, na kama wangekuwa wawili peke yao pengine angemwonea huruma mpaka mwisho. Akisema wameiba, Felisita na Kwandu wametengwa. Akisema hawakuiba, amemvua nguo mume wake mbele ya kijiji kizima, halafu jioni arudi kulala chini ya bati lake, kwa sababu Nassa hakuna mlango.

"Nyekundu ni ya mayu," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, wakamwambia aongeze. "Nyekundu ni ya mayu Kwandu. Sinia aliileta Felisita. Polista imetoka kwako, mtemi, kwa wakezo. Mimi sijawahi kuleta kitu hapa. Nassa kwetu hatukuwa na marando. Mimi namwagilia tu."

Nkwabi alijishika shavu.

"Yaani mimi nami nimeibiwa," alisema, "au mimi nami ni mwizi?" Akageuka. "Jilala, mwano huu ni wa bure. Tulishe."

Wanaume walipanda kilima wakitaniana, wakaketi uani, pinde mapajani, kama wageni wa harusi. Jilala alisimama mlangoni mwa jiko. Ng'washi alijua atasema nini, na alijua jibu: unga ulikuwa wa mlo mmoja wa nyumba moja.

"Wapikie," alisema.

"Nini?"

Jilala alitazama rundo la kuni. "Kile chungu."

Alikuwa anajua. Muda wote alikuwa anajua, na alikuwa amekiacha, labda kwa aibu, labda kwa kukihesabu kuwa chake wakati wowote akikitaka. Ng'washi hakupata kujua ni lipi. Alisogeza kuni, akavunja udongo wa mdomoni kwa kisigino cha mwiko. Michembe ilitoka na harufu ya jua la mwaka uliopita.

Felisita alikuja kusaidia bila kuitwa, na wanawake wengine nyuma yake. Walileta karanga za kutwanga, mmoja akaleta maziwa ya mgando. Hawakusema mengi. Kila mmoja wao alikuwa na chungu chake kilichofichwa mahali, na kila mmoja alijua hicho kinachokwisha ni nini. Michembe ikachemka, ikavimba, ikawa laini, na wanaume wakala kwa kelele wakisifu. Nkwabi alikula upande mmoja wa mdomo, akaongezewa. Jilala naye alikula.

"Yule mke wa Jilala ana mkono," mtu mmoja alisema wakiondoka.

Ng'washi alikung'uta chungu, akakilaza kifudifudi juani.

Kwandu alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta na fungu lake la marando. "Wewe mwanangu," alisema, "kama ningekuwa na ng'ombe ningekukomboa." Kisha, kwa kuwa hakuwa na ng'ombe, alinyoosha mkono asaidiwe kuinuka.

Jilala hakumpiga. Hakumsemesha kabisa. Asubuhi iliyofuata aliwafunga maksai nira, akatwaa jembe la kukokota, akasema tu, "Tunashuka bondeni." Ng'washi alishika kamba. Ndivyo walivyolima siku zote: yeye mbele akiongoza, mume nyuma kwenye mikono ya jembe.

Jilala alikuwa ameshaondoa miiba ya upande wa juu. Walianza kwenye ardhi tupu ya kandokando, wakaenda na kurudi, udongo mweusi ukifunguka na kung'aa kama ngozi iliyolowa. Kila mara walipogeuka marando yalikuwa karibu zaidi. Lamboni wanawake walikuwa wanateka maji, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kujaza ndoo. Ng'washi alisikia pumzi za maksai sikioni. Hakuwa amepanga kitu. Alikuwa anahesabu tu, moyoni, viazi vya nani vitakufa kwanza.

Mkondo uliofuata ulikuwa wa kuingia ndani. Rando la kwanza lilikuwa limetambaa hadi nje, liko mbele ya kwato kabisa. Ng'washi alivuta kamba upande wa kulia. Maksai, waliozoea mkono wake, wakageuka.

"Mbona unageuza?" Jilala aliita.

Ng'washi aliendelea kutembea, kamba imemkata kiganjani, na mfereji ukapinda nyuma yake ukifuata ukingo wa marando. Jilala angeweza kusimamisha. Angeweza kuja mbele, kumnyang'anya kamba. Lakini jembe halishikwi na mtu mmoja pande zote mbili, na lamboni Felisita alikuwa amesimama na ndoo kichwani, anatazama, na kijiji kilikuwa bado kinajamba michembe ya jana.

Walifika mwisho, wakageuka. Walirudi, na alipofika kwenye marando Ng'washi akageuza tena. Hivyo mpaka kipande kilichobaki hakijalimwa kikawa marando tu na yale matuta yake.

Jilala aliacha mikono ya jembe, akajipangusa jasho. "Mwakani," alisema, "ataongoza Lucy."

Ng'washi aliitazama nyumba kule juu. Lucy alikuwa uani, amebeba mdoli wa bunzi la mahindi mgongoni, anamfunga na kufungua. Bonde lilikuwa limepata msimu mmoja. Alichukua kisu kiunoni, akaingia ndani ya marando, akaanza kukata ya kupanda, ya kwake kwanza, maana chungu kilikuwa kitupu na Februari haikuwa mbali. Nyuma yake alisikia Felisita anapita kwenye uwazi wa boma.

"Mayu, nimekuja kuchukua."

"Chukua," alisema Ng'washi. Jilala alikuwa amesimama palepale, karibu vya kutosha kusikia.